Laxton: kijiji cha Uingereza kinacholima bila uzio

Ukoo unapokaa kugawana shamba la babu, hakosekani mtu wa kusimama na kusema: "Tufanye kama Wazungu. Kila mtu akatiwe kipande chake, zipigwe bikoni, yaishe." Nimeyasikia maneno hayo kwenye kikao cha ukoo wetu, nimeyasikia kwenye basi, na kila mjadala wa hati za ardhi unapochemka mitandaoni nayakuta tena. Hoja ni ileile: Uingereza iliendelea kwa sababu tangu enzi na enzi kila mkulima alikuwa na shamba lake, mpaka wake na karatasi yake, na sisi tumebaki nyuma kwa sababu ya kushikilia mambo ya kushirikiana.

Hoja ya hati inaweza kujadiliwa, na ina watetezi wenye akili. Lakini historia inayotumika kuitetea si ya kweli. Kwa mamia ya miaka, wakulima wa eneo kubwa la katikati ya Uingereza walilima makonde makubwa yasiyo na uzio, vipande vya kila mmoja vikiwa vimechanganyikana na vya jirani, kwa ratiba moja iliyokubaliwa na wote. Na kipo kijiji kimoja ambacho hakijaacha. Kinaitwa Laxton, kiko katika mkoa wa Nottinghamshire, na mwaka huu pia wakulima wake watapanda ngano kwa utaratibu huo.

Ninaposema Uingereza hapa namaanisha England, nchi yenye London, si Uskoti wala Wales. Kiswahili chetu kinatumia neno moja kwa yote, na mara nyingi haina madhara.

Neno linaloleta madhara zaidi ni "kijiji". Mtanzania akisikia kijiji, anafikiria chombo cha kisheria: kimesajiliwa, kina mwenyekiti na mtendaji, kina halmashauri na mkutano mkuu, na kina ardhi yake inayosimamiwa kwa niaba ya wanakijiji. Kijiji cha Kiingereza hakiko hivyo. Ni makazi tu. Nyumba zimepangana kando ya barabara, kuna kanisa, na mara nyingi kuna baa. Shughuli ndogo za utawala hufanywa na baraza la parokia, ngazi ya chini kabisa ya serikali za mitaa, ambalo kazi zake ni kama kutunza makaburi, viwanja vya wazi na vituo vya basi. Kwa desturi, kilichotofautisha kijiji na kitongoji kilikuwa kanisa: penye kanisa ni kijiji, pasipo kanisa ni kitongoji. Na ardhi inayokizunguka kijiji si mali ya kijiji. Ina mwenyewe, na mwenyewe huyo mara nyingi haishi hapo.

Hapo ndipo linapoingia neno la pili, ambalo sisi tuna tafsiri yake tayari: umwinyi. Kitabu cha ukaguzi wa mali cha Mfalme William, cha mwaka 1086, miaka ishirini baada ya kuivamia England kutoka Normandy, kinaitaja Laxton. Ardhi ya nchi nzima ilihesabiwa kuwa imetoka kwa mfalme, ikashikwa na mabwana wakubwa, nao wakawa na watu chini yao, mpaka kwa mkulima anayeshika jembe. Milki ya bwana mmoja, pamoja na mashamba, watu na baraza lake la kusikiliza kesi, ndiyo kitu cha kuelewa hapa. Mwinyi wa Laxton alikuwa mkubwa kiasi cha kujenga ngome. Kuta zake hazipo tena, lakini kilima cha udongo kilichojengwa kwa mikono karne ya 12 bado kinaonekana kaskazini mwa kijiji, kimeota majani. Kanisani kuna sanamu za makaburi ya familia ya Everingham, waliokuwa wamiliki wa zama hizo, na mojawapo imechongwa kwa mti wa mwaloni.

Sasa twende shambani.

Laxton ina makonde matatu makubwa ya wazi: Konde la Magharibi, Konde la Kinu na Konde la Kusini. Kwa jumla hayafikii ekari 500. Ukisimama katikati ya mojawapo huoni uzio, ua wala ukuta. Unaona ngano mpaka upeo wa macho, kama shamba la mtu mmoja tajiri. Kumbe limegawanywa katika vipande virefu vyembamba, na kila kimoja kina mtu wake. Mkulima mmoja anaweza kuwa na kipande huku, kingine kule bondeni, kingine ng'ambo ya njia, na katikati yake wapo wenzake. Ana vipande katika makonde yote matatu.

Anayetaka kulielewa jambo hili bila kwenda Ulaya aende kwenye skimu ya mpunga, Mwea, Mbarali au Moshi Chini. Ukitazama kutoka barabarani unaona ziwa moja la kijani. Ukisogea unaona matuta, na ndani ya matuta majaruba, na kila jaruba lina mwenyewe anayejua mpaka wake kwa nyayo. Mpunga ni wake, deni la mbolea ni lake, gunia ni lake. Lakini maji hayamjui yeye peke yake. Yanakuja kwa zamu, na asiyefuata kalenda ya wenzake atakuta jaruba lake limekauka au limefurika. Mavuno ni ya mtu, ila ratiba ni ya wote. Laxton iko hivyo, isipokuwa badala ya maji kinachowafunga pamoja ni mzunguko wa mazao, na zamani, mifugo.

Kwa nini vipande vitawanyike? Sababu wanayoitaja zaidi wanahistoria mkulima yeyote wa kwetu ataitambua bila kuelezwa: ardhi haifanani. Udongo wa Laxton ni mfinyanzi mzito. Mvua ikizidi, sehemu za chini zinashika maji; jua likizidi, zile za juu zinapasuka. Ukimpa mmoja bonde lote na mwingine mwinuko wote, mwaka mmoja utamtajirisha huyu na kumfilisi yule. Vipande vikisambazwa, kila nyumba inapata kidogo cha kizuri na kidogo cha kibaya. Familia nyingi za milimani kwetu hufanya hivyo hivyo, kipande cha kihamba juu na kingine porini chini, na hakuna anayewaambia kwamba hawajui kugawa.

Umbo lile refu jembamba nalo lina sababu, na hapa kuna kitu ambacho kilinifurahisha sana nilipokielewa. Plau nzito ya kukokotwa na ng'ombe ni taabu kuigeuza. Ni afadhali uende mbele umbali mrefu ndipo ugeuke. Umbali ambao ng'ombe waliweza kukokota mkondo mmoja kabla ya kupumzika ukawa kipimo: yadi 220, kama mita 200. Ukilima mikondo sambamba ya urefu huo mpaka ufike upana wa yadi 22, umemaliza kazi ya siku moja, kwa hesabu ya wakulima wa zamani. Eneo hilo walilipa jina, na jina hilo ndilo neno letu ekari. Mkulima wa Kilosa anayepima ekari kwa hatua sabini kwa sabini anatumia kipimo kilichozaliwa kwenye vipande vya namna hii, kwa mwendo wa ng'ombe wa Kiingereza. Amekibadilisha umbo tu, kutoka utepe kuwa mraba. Yadi 220 mara 22 ni yadi za mraba 4,840. Hatua sabini mara sabini ni 4,900. Wazee wetu hawakukosea sana.

Utaratibu wa mazao unakwenda miaka mitatu. Konde moja linapandwa ngano kabla ya baridi kuanza. La pili linapandwa mazao ya majira ya kuchipua, kama shayiri. La tatu linapumzishwa. Mwaka unaofuata zamu zinasogea, na baada ya miaka mitatu kila konde limepita kote. Zamani konde lililopumzika liliachwa kweli, mifugo ikalisha humo na kuacha samadi. Siku hizi mara nyingi huoteshwa majani ya malisho. Lakini hakuna anayeruhusiwa kupanda ngano kwenye kipande chake katika konde la mapumziko eti kwa sababu bei imepanda. Hapo uhuru wa mkulima unafikia kikomo, na wakulima wa Laxton hawafichi kwamba kikomo hicho kinauma.

Mifugo ndiyo iliyofanya sheria hii iwe ya lazima. Mavuno yakishatoka, konde lote lilifunguliwa na wanyama wa kijiji waliingia kula mabua. Sasa fikiria mmoja amechelewa kuvuna, au amepanda zao la msimu mwingine katikati ya wenzake: ng'ombe hawasomi mipaka. Kwa hiyo palikuwa na tarehe, palikuwa na idadi ya wanyama ambayo kila nyumba iliruhusiwa, na palikuwa na mtu aliyechaguliwa kukamata mnyama mzururaji na kumfungia katika boma la kijiji mpaka mwenyewe alipe. Boma hilo bado lipo. Wanaofuatilia ugomvi wetu wa wakulima na wafugaji, wapite hapa polepole. Ngano na mifugo viliishi kwenye konde moja kwa mamia ya miaka, na siri yake ilikuwa tarehe, idadi na boma.

Ujamaa? Hapana

Watanzania wengi wakielezwa haya husema: kumbe nao walikuwa na ujamaa! Nawaelewa, lakini hapana. Katika vijiji vya ujamaa, baada ya Azimio la Arusha la 1967, shamba la kijiji lililimwa kwa pamoja na mavuno yake yakagawanywa kwa pamoja. Laxton hakuna kitu kama hicho wala hakijawahi kuwepo. Mwenye kipande analima mwenyewe, anavuna mwenyewe, anauza mwenyewe. Mwenye vipande vingi alikuwa tajiri, mwenye viwili alikuwa maskini, na asiye na hata kimoja alifanya kibarua. Zaidi ya hayo, wengi wao walilipa kodi kwa mwinyi. Usawa haukuwepo. Kilichokuwepo ni kanuni, na watu wa kuzisimamia.

Kuna wanaokwenda upande wa pili kabisa, wanasema mali ya wote haina mwenyewe, lazima itaharibiwa. Mwaka 1968 mwanasayansi wa Marekani, Garrett Hardin, aliipa hoja hiyo umaarufu wa dunia nzima kwa mfano wa malisho ambayo kila mfugaji anaongeza ng'ombe mmoja zaidi mpaka majani yanakwisha. Mfano una mantiki. Ila unaeleza malisho yasiyo na kanuni, na malisho ya vijiji vya Kiingereza yalikuwa na kanuni mpaka za idadi ya kondoo. Mmarekani mwingine, Elinor Ostrom, alitumia maisha yake ya kitaaluma kuchunguza misitu, malisho na mifereji inayotunzwa na jamii zenyewe, akaonyesha kwamba pale wanaotumia mali ndio wanaotunga kanuni, wanaoikagua na wanaotoza faini ndogo ndogo zinazopanda polepole, mali hudumu. Mwaka 2009 alipewa Tuzo ya Nobel ya Uchumi, mwanamke wa kwanza kuipata.

Siku ya vigingi

Faini ndogo ndogo ndiyo habari yenyewe ya Laxton. Ningependa nikae hapa kidogo.

Mwishoni mwa Novemba, ngano ikiwa imeshapandwa na machipukizi yameanza kutoka, jopo la wakulima 12 pamoja na kiongozi wao hukutana asubuhi kijijini. Wanapanda trela linalovutwa na trekta na kwenda kwenye konde la ngano la mwaka huo. Ni baridi, udongo unanata kwenye viatu. Wanapita kipande kwa kipande. Mwishoni mwa kila kipande, pale kinapokutana na njia ya wote au na majani ya wote, panatakiwa kuwa na kigingi cha mti kinachoonyesha mwisho wa kulima. Kama kigingi kimeoza au kimeng'olewa na mashine, wanatafuta pale kilipokuwa, wanapima kwa macho na kumbukumbu, na mmoja anakipigilia kipya kwa nyundo. Halafu wanatazama mkondo wa plau. Je, mwenye kipande amevuka? Amekula njia? Ameingia kwenye majani ambayo si yake? Mtaro amezibua?

Kosa la kawaida ni hilo tu: plau imezidi hatua moja au mbili. Kwa mtu wa pembeni ni jambo dogo. Lakini mkulima yeyote anajua jinsi njia ya ng'ombe inavyogeuka kuwa kichochoro, na kichochoro kuwa ugomvi, kwa hatua moja kila msimu. Jopo linaandika, na jioni wanakaa mezani kuamua faini. Ni pauni chache, haziwezi kumuumiza mtu mfukoni. Kinachouma ni kwamba jina lako limeandikwa na jirani zako, ambao mwaka kesho unaweza kuwaandika wewe.

Wiki moja baadaye linakaa baraza lenyewe, katika baa ya kijiji iitwayo Dovecote Inn. Hili ndilo baraza la milki ya mwinyi, lililokuwepo karibu kila mahali zamani. Anaongoza msimamizi anayemwakilisha mwenye ardhi, kwa kawaida mwanasheria. Majina ya wanaotakiwa kuhudhuria yanasomwa. Faini zinapitishwa. Kisha linaapishwa jopo jipya, litakalokagua konde la ngano la mwaka unaofuata.

Msomaji asidhani hii ni ngoma ya watalii. Mwaka 1977 Bunge la Uingereza lilipofuta mamlaka ya kusikiliza kesi ya mabaraza ya kale ya aina hii, sheria ililitaja baraza la Laxton kwa jina na kuliacha na mamlaka yake. Tanzania tuna Baraza la Ardhi la Kijiji, lililoundwa chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, lenye wajumbe saba ambao watatu lazima wawe wanawake, na kazi yake ni kusuluhisha. Tofauti inayonigusa ni hii: baraza letu husubiri mgogoro uletwe. Jopo la Laxton huenda shambani kila mwaka hata kama hakuna aliyelalamika.

Yale majani ya wote nayo yana habari yake. Katikati ya makonde kuna vibonde vyenye maji, ambavyo plau haikuweza kuvilima, vikaachwa majani. Hayajawahi kulimwa. Kila mwaka, wakati wa kiangazi chao, haki ya kukata majani hayo huuzwa kwa mnada. Kwa sababu ardhi hiyo haijapinduliwa wala kuchomwa na kemikali kama mashamba ya kisasa, imejaa maua ya porini ambayo yametoweka sehemu nyingi za England, na leo inalindwa kisheria kama eneo la thamani ya kisayansi. Hakuna aliyepanga kuhifadhi maua. Yaliokolewa na ule ubishi wa kila mwaka kuhusu plau iliishia wapi.

Kwa hiyo vijiji vingine vya namna hii vilikwenda wapi?

Kama mfumo ulienea hivyo, kwa nini leo unatafutwa kwa tochi? Uzee haukuuua. Uliondolewa kwa makubaliano na kwa sheria. Wenye ardhi wakubwa waliona kwamba vipande vikiunganishwa na kuzungushiwa uzio wataweza kufuga kondoo wengi, kujaribu mazao mapya na kutoza kodi ya juu. Mahali pengine walikubaliana. Mahali pengine walikwenda Bungeni, ambako wenye ardhi wenzao ndio waliokaa. Kati ya 1604 na 1914 zilipitishwa sheria zaidi ya 5,200 za kuzungushia uzio, zikagusa ekari milioni 6.8, zaidi kidogo ya moja ya tano ya England yote.

Niwe mkweli kwa pande zote. Makonde ya wazi yalikuwa na hasara zake: mkulima alipoteza muda akizunguka kutoka kipande hadi kipande, magugu ya mvivu yalimfuata mwenye bidii, na mbinu mpya ilisubiri kijiji kizima kikubali. Wengi waliozungushia uzio walivuna zaidi. Ila mavuno hayo yalikuwa na watu walioyalipia. Familia iliyokuwa na ng'ombe mmoja tu wa maziwa, akilishwa kwenye malisho ya wote kwa mazoea bila karatasi, siku ya kugawa ilikosa cha kuonyesha. Mazoea hayakuhesabiwa. Uzio ukapita, ng'ombe akauzwa, na baba akawa kibarua. Wapo wanaosema hao ndio waliojaza viwanda vya miji; wanahistoria bado wanabishana kiasi gani ni uzio na kiasi gani ni ongezeko la watu, na mimi sitaamua ugomvi huo hapa.

Laxton iliponaje? Haikupona yote. Sehemu kubwa ya ardhi yake ilizungushiwa uzio kidogo kidogo, na leo kila mkulima ana mashamba ya uzio pamoja na vipande vyake vya wazi. Ramani aliyoichora mpima ardhi Mark Pierce mwaka 1635, kwa ajili ya mfanyabiashara wa London Sir William Courten aliyekuwa amenunua milki hiyo, inaonyesha makonde manne; sasa ni matatu. (Ramani hiyo iko Oxford, katika maktaba ya Bodleian. Mchoraji aliwachora mpaka watu wadogo wakilima na wakivuna.) Sababu mojawapo inayotajwa ni kwamba kwa muda mrefu ardhi ilikuwa ya mabwana wawili wasioafikiana, na bila wote wawili kukubali uzio usingeweza kumalizika. Baadaye, bei za nafaka ziliposhuka mwishoni mwa karne ya 19, gharama ya kuzungushia ikawa haina faida. Mwaka 1908 vipande viliunganishwa vikawa vichache na vikubwa zaidi ili viweze kulimika, lakini makonde yakabaki wazi. Kwingineko England kuna mabaki mengine ya kilimo cha vipande, kama Braunton huko Devon na eneo la Isle of Axholme huko Lincolnshire. Baraza linalofanya kazi pamoja na mzunguko wa mazao limebaki Laxton.

Hadithi hii inatugusa kwa njia ya moja kwa moja. Mwaka 1954, katikati ya hali ya hatari nchini Kenya, serikali ya kikoloni ilianzisha Mpango wa Swynnerton. Familia za Wakikuyu zilikuwa na vipande vilivyotawanyika, juu penye baridi na chini penye joto, kwa sababu ileile ya wakulima wa Laxton. Mpango ukasema vipande viunganishwe, vipimwe, na kila mwenye navyo apewe hati. Wengi waliokuwa vizuizini hawakuwa na nafasi ya kujitetea mipaka ilipochorwa. Miaka minne baadaye, Tanganyika, serikali ya kikoloni ilipopendekeza ardhi igeuzwe mali ya mtu binafsi moja kwa moja, Julius Nyerere aliandika kulipinga pendekezo hilo. Hoja iliyokuwa inauzwa Afrika Mashariki kama maendeleo ya kawaida ya mwanadamu ilikuwa imeshatumika England kwa miaka mia mbili, na ina watu ilioacha nje ya uzio kule pia.

Leo Laxton ni kijiji cha watu mia chache. Kitu kimoja mgeni hukiona mara moja bila kuelewa maana yake: nyumba za wakulima, za matofali mekundu, ziko kijijini kando ya barabara, na mabanda na trekta nyuma yake. Vijiji vingi vya jirani haviko hivyo. Uzio ulipokuja, mkulima alihamia katikati ya shamba lake jipya. Laxton hapakuwa na katikati ya shamba, kwa hiyo wakulima waliendelea kukaa pamoja. Wapo kumi na kadhaa.

Wakazi wengine si wakulima, kama ilivyo vijijini kote England; katika nchi nzima kilimo kinaajiri karibu mtu mmoja tu kati ya mia wanaofanya kazi. Anayedhani kijiji cha Kiingereza ni mahali pa wakulima amechelewa. Kwa sehemu kubwa ni mahali pa wastaafu na wanaoendesha gari kwenda kazini mjini, na watoto wa wakulima hupata shida kumudu nyumba walikozaliwa.

Na ardhi ni ya nani? Wakulima ni wapangaji. Familia ya Pierrepont wa Thoresby, waliokuwa na cheo cha Earl Manvers, ilikuwa nayo kwa vizazi vingi. Mwaka 1952 Earl wa mwisho aliiuzia wizara ya kilimo ya serikali, ili makonde yasipotee. Mwaka 1981 ikahamishiwa kwa shirika la mali za ufalme. Hapo watu huchanganya wakidhani kijiji kilikuwa cha Malkia. Mali hizo si za mfalme binafsi; zinasimamiwa na makamishna, na faida yake huenda Hazina ya taifa. Shirika hilo lilipotangaza mwaka 2018 kwamba linauza, wasiwasi ulikuwa mkubwa, kwa sababu makonde matatu ya mfinyanzi yanayolimwa kwa zamu hayana faida ya kumvutia mnunuzi wa kawaida. Mwaka 2020 mnunuzi alipatikana: Thoresby, milki ileile iliyouza mwaka 1952.

Mwenye ardhi amebadilika mara tatu katika maisha ya mtu mmoja. Familia za wazee wa Laxton waliozaliwa kabla ya 1952 zimelipa kodi kwa bwana mwenye cheo, kwa wizara, kwa makamishna na sasa kwa milki ya Thoresby, na katika miaka yote hiyo Novemba ilipofika wakulima wamepanda trela wakaenda kutazama vigingi.